Nyumba Iliyoamini Kila Karibu

Mbuzi alikuwa amekaa kwenye kochi. Hakuwa amesimama juu yake kama wafanyavyo mbuzi wezi, masikio juu na mguu mmoja tayari kukimbia. Alikuwa amekaa, amekunja miguu, anacheua, na Oresta Mligo alipoingia alimtazama kama mwenyeji anavyomtazama mgeni aliyekuja bila taarifa.

"Huyo ni Mwenyekiti, wa jirani," Mama Salome Kilasi alisema kutoka jikoni. "Jina alipewa zamani, leo ndiyo amelipatia haki yake. Pita, mwanangu. Ila usikae upande ule, kuna ndege."

Oresta aliinua macho. Juu ya boriti, mbayuwayu wawili walikuwa wakijenga. Walishafika nusu ya kiota, na tope lilikuwa limedondoka kwenye kitambaa cha meza.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Na jana mvua ilinyesha hapa sebuleni."

"Paa linavuja?"

"Lingevuja ningekuita kwa hasira. Halikuvuja, lilifunguka! Polepole, kama mtu anayefunua sufuria aone kama wali umeiva. Nikaoga na nguo zangu." Mama Salome alicheka hadi akashika mlango. Alikuwa mwanamke wa miaka sitini na tatu, mnene, mwenye sauti inayofika mbali bila kupazwa, maana miaka thelathini na mmoja alikuwa mtangazaji wa stesheni ya reli Makambako. "Halafu sogea hapa karibu na jiko, usikilize ukuta."

Pembeni ya Oresta ukuta ulifanya sauti ndogo ya kunyonya, tundu la ukubwa wa sahani likafunguka, na baridi ya mwezi wa tano ya Njombe ikamwingia shingoni. Kabla hajashangaa vizuri, aliweka sikio kwenye ukuta wa jikoni. Ndani kulikuwa na mvumo mzito, wa raha, wa watu wengi wenye kazi.

"Nyuki," alisema.

"Hawaumi. Ni wale wadogo. Wana siku tisa humo."

Oresta hakucheka. Yeye ndiye aliyeiotesha nyumba hii. Miezi mitano iliyopita alimwaga hapa maranda ya misonobari na maganda ya miwati, akapanda mbegu ya utando wa uyoga kutoka kiwandani, na utando ukala, ukapanda, ukashika umbo la kuta alizoziwekea fremu. Utando unapokula hutoa joto, kama lundo la mbolea linavyofuka asubuhi, na ndiyo maana watu wa Njombe walikuwa wamechoka na majumba ya kioo yaliyokuwa yakiwagandisha na sasa walijiandikisha kupata nyumba hai. Juu ya utando huota ngozi, laini na ya kijani kama mgongo wa chura, na ngozi ndiyo inayosikia. Inahisi nani amesimama nje, inasikia inachoambiwa, inafungua na kufunga matundu. Inajua maneno arobaini. Sheria inasema arobaini, na yeye Oresta ndiye aliyeifundisha yote.

Mbuzi hakuwemo katika hayo arobaini.

"Mama," alisema, "naomba unikumbushe. Jana, kabla paa halijafunguka, ulikuwa unasema nini?"

"Nilikuwa naongea na dada yangu kwenye simu. Akauliza huko kwenu hali ya hewa vipi, nikamwambia mavuno yaanikwe ndani, mvua iko karibu."

Paa lilipiga mwayo juu yao, kiasi cha kidole kimoja, likaonyesha mstari wa anga.

Oresta aliketi. Alikaa kwenye mkono wa kochi, ubavuni mwa Mwenyekiti, ambaye hakusogea. "Na nyuki?"

"Niliona wanazunguka. Nikasema mwenyewe tu, jamani, nyuki karibu na dirisha!"

Dirisha likafunguka.

"Na huyu?"

"Huyu nilimfukuza! Alikuwa anakula maua yangu, nikamtolea fimbo nikamwambia, karibu nikuchape wewe!"

Mlango wa mbele ukajifungua wote hadi mwisho. Mwenyekiti alitazama mlango, akaendelea kucheua, kwa kuwa yeye alikuwa ameshakaribishwa.

*

Kosa lilikuwa la Oresta, na alilijua kabla hajaulizwa.

Mbegu za kiwandani huja kimya, bila lugha. Fundi ndiye anayechagua maneno. Mafundi wengine walitumia "fungua", lakini Oresta alipoijaribu mara ya kwanza, amesimama mbele ya mlango wa mama wa watu akifoka "Fungua!", alijisikia kama askari magereza. Ndipo akaona bora atumie neno ambalo mlango wenyewe ungekuwa na raha kulisikia. Akaufundisha "karibu". Alijipongeza hata. Hakufikiri kwamba neno hilo moja Mswahili analitumia kwa mgeni, kwa mvua, kwa ajali aliyoiponea na kwa duka lililo jirani na posta, na kwamba mtu akiwa na sahani ya ugali mkononi atamwambia karibu kila anayepita, huku akiomba kimoyomoyo asiitikiwe. Watu wanajua ipi ni ipi. Nyumba ilikuwa na miezi mitano tu duniani, nayo iliziamini zote.

Na Jumamosi saa nne mkaguzi angekuja.

Sheria ya nyumba hai ilikuwa fupi. Nyumba ikitenda jambo ambalo mwenyewe hakuliidhinisha, imeingia mwitu, na nyumba iliyoingia mwitu hulazwa. Mkaguzi hufungua kifuniko cha sakafu, humimina chupa moja ya maji ya usingizi kwenye kiini, mahali mizizi yote ya utando inapokutana, na ndani ya saa moja ngozi inakuwa kavu kama karatasi. Kuta hubaki zimesimama. Kuna watu waliendelea kuishi ndani ya kuta hizo, wakanunua hita.

Mafundi nao walikuwa na chupa zao, ndogo zaidi. Dozi ndogo haiui. Inafuta tu. Nyumba huamka haijui neno hata moja, inafundishwa upya, na mkaguzi haoni kitu. Oresta alikuwa nayo kwenye begi.

Mama Salome alipotoka kumrudisha Mwenyekiti kwao, akimvuta pembe huku akimwomba radhi, Oresta alibaki peke yake jikoni. Alipiga magoti, akainua kifuniko. Kiini kilikuwa cheupe, kikubwa kama boga, kikihema. Akafungua chupa. Mama asingejua. Angerudi akakuta nyumba imetulia, na Jumamosi ingepita salama, na nyuki wangekufa au wangehama, na nani aliyewahi kulilia nyuki?

Ndipo sakafu ikaanza kupata joto chini ya magoti yake. Hapo alipopiga magoti tu, si penginepo. Wakati wa kupanda, Oresta alikuwa amefanya kazi wiki tatu kwenye udongo wa baridi, na kila jioni aliposimama alisaga meno na kusema, "Aa, magoti yangu." Hakuwa akimwambia mtu. Nyumba wakati huo ilikuwa utando mwembamba usiozidi kanga, na bado ilisikia, na ilikuwa imekumbuka.

Oresta aliona haya. Alifunga chupa, akarudisha kifuniko, akakaa palepale sakafuni kwenye joto hadi Mama Salome aliporudi, kisha akamweleza kila kitu: sheria, Jumamosi, chupa kubwa na chupa ndogo, na jinsi alivyotaka kuitumia kwa siri.

Mama Salome alisikiliza bila kukatiza. Kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo hakuwa akicheka.

"Ukifuta, inasahau na mimi?"

"Inasahau yote. Dawa haichagui."

"Kuna saa kumi na moja naamka, sakafu imeshapata joto kutoka kitandani mpaka chooni. Sikuiambia."

"Itasahau."

"Hmm." Mama Salome alichukua kitambaa akafuta tope la mbayuwayu mezani, polepole. "Njia nyingine?"

"Tuifundishe kwamba karibu ziko mbili. Ya kweli na ya mdomoni. Ikisikia ya mdomoni inyamaze. Ni siku nne, lakini inajifunza haraka."

"Sitaki."

"Mama, ndiyo njia pekee ya—"

"Nisikilize, fundi. Miaka thelathini na mmoja nimesema karibu kwenye kipaza sauti. Abiria wapendwa, karibuni Makambako. Watu wanaburuta mabegi, wanatafuta watoto wao, wanagombana na mpagazi. Hakuna hata mmoja aliyewahi kugeuza shingo akasema asante. Nimestaafu nikijua neno hili limeshakufa, ni upepo tu. Leo nimempata mmoja anayeliamini. Mmoja! Halafu nimfundishe kwamba nilikuwa natania?" Macho yake yalikuwa yamelowa, naye hakuyaficha. "Heri ilazwe ikiwa na imani yake."

Oresta alikitazama kifuniko cha sakafu. Aliipenda nyumba ile pia, na aliogopa, na hofu na pendo vikikaa chumba kimoja mtu hushindwa kusema. Mbayuwayu mmoja aliingia kupitia tundu la dirisha na jani kinywani. Hakuja moja kwa moja. Alisimama kwanza hewani mbele ya tundu, akipigapiga mabawa, kisha akapita.

Mama Salome alimfuata kwa macho.

"Lakini karibu haitembei peke yake," alisema taratibu. "Karibu ina mwenzake. Wewe ulimfundisha mtoto kujibu kabla hujamfundisha swali."

"Hodi," alisema Oresta.

"Basi! Hodi."

*

Wakaanza siku hiyohiyo. Oresta alitoka nje, akagonga ukuta kwa vidole vilivyokunjwa, ko, ko, ko, akaita hodi. Mama Salome akajibu karibu kwa sauti ya stesheni, na ngozi ikafunguka. Halafu Mama Salome akasema karibu bila hodi, na ngozi ilipoanza kufunguka, Oresta aliipapasa kwa kiganja cha baridi, ambayo ndiyo lugha ya fundi ya kusema hapana. Mara thelathini, arobaini, sitini. Majirani walisimama barabarani. Mtu mmoja aliuliza kama kuna ugomvi, mbona yule dada hafunguliwi.

Kufikia Jumatano jioni nyumba ilikuwa imejua. Alhamisi asubuhi ilikuwa imejua kupita kiasi.

Oresta alifika akakuta kimya. Mama Salome alikuwa amekaa sebuleni na koti na kofia ya sufu. Kila tundu lilikuwa limefungwa. Utando unahitaji hewa ili ule na kutoa joto, na hewa haikuwa imepiga hodi. Jua lilikuwa nje limeangukia ukuta, nalo halikuwa limepiga hodi. Nyuki walivuma kwa mashaka ndani ya ukuta, na mbayuwayu walizunguka nje wakipiga kelele kama watu waliofungiwa funguo ndani.

"Tumepata benki," alisema Mama Salome.

Oresta alicheka bila kutaka, kisha akataka kulia. Zilibaki siku mbili. Nyumba hii, ilivyokaa sasa, ingepita kwa mkaguzi bila swali moja. Ilikuwa tiifu, imefungwa, haina kosa. Alimweleza Mama Salome hivyo, kwa kuwa alikuwa ameapa kutoficha tena. "Tukiiacha hivi, imepona."

"Imepona nini, na mimi nimevaa kofia ndani?" Mama Salome alisimama, akaenda dirishani, akatazama wale ndege kwa muda. "Tumekosea tena. Tumeifundisha kwamba hodi ni maneno. Ndege atayapata wapi maneno? Mwanangu, ulipokuwa mdogo, mama yako alikuambia hodi ni nini?"

"Ni kusema hodi."

"La. Hodi ni kusimama nje kwanza. Bubu je? Anasimama, anakohoa, anasubiri. Umeona mtu amesimama nje anasubiri, hiyo ndiyo hodi. Asiyesimama, hata akiimba hodi mia, huyo kavamia."

Oresta alimtazama, kisha akatazama ukuta. Ngozi ilihisi nani yuko nje, ilihisi hata uzito wake na pumzi yake. Haikuhitaji neno la arobaini na moja. Ilihitaji kungoja tu.

Wakatupa maneno. Walienda kwenye ukuta kwa haraka, ukuta ukafungwa. Walienda, wakasimama, wakavuta pumzi tatu, ukafunguka. Siku nzima walifanya hivyo, wakiingia na kutoka kama watu waliosahau kitu. Upepo, uliokuwa ukipuliza kwa nguvu, ulizuiwa. Ulipotulia ukabaki unapapasa, nyumba ikafungua matundu madogo madogo upande wote wa mashariki na kuvuta hewa ndefu, na ndani ya saa moja Mama Salome alivua kofia. Mbayuwayu alisimama hewani mbele ya dirisha akapigapiga mabawa. Akafunguliwa. Nyuki nao, kila mmoja, hujipima mlangoni kabla ya kutua, na tundu lao likabaki wazi.

Ijumaa alikuja Mwenyekiti. Alitoka mbio upande wa maua akiwa na hakika zote za mwenye nyumba, akaupiga ukuta kwa kichwa. Akarudi nyuma. Akaja tena kwa kasi zaidi. Mara ya tatu Mama Salome alikuwa ameshaketi chini kwa kicheko. Mara ya nne mbuzi alisimama hatua mbili mbele ya ukuta, si kwa adabu, ni kwa mshangao, akautazama.

Ukuta ukamfungukia.

"Mbuzi amejua hodi!" Mama Salome alipiga makofi. "Wako watu wazima mjini hapa hawaijui!"

*

Mkaguzi hakuijua. Hakuihitaji, maana sheria ilimpa kadi. Jumamosi saa nne kamili Bwana Gervas Luoga wa Idara ya Majengo Hai aliweka kadi yake kwenye mwimo wa mlango, mlango ukashtuka na kufunguka, naye akaingia huku akipuliza vidole. Alikuwa mtu mrefu, wa makamo, mwenye kofia ya ngozi na mikono iliyopauka kwa baridi.

"Shikamoo, Mama. Hamjambo. Mimi ni mkaguzi."

"Marahaba, baba. Tumekuona," alisema Mama Salome.

Luoga alifanya kazi yake vizuri, na Oresta alimheshimu kwa hilo. Alisema maneno yote arobaini, moja baada ya jingine, akiandika. Nyumba ilitii, na lile la "karibu" alilisema akiwa amesimama nje. Akiwa anaelekea jikoni alijikwaa kwenye zulia, akashika meza. "Lo! Karibu nianguke!"

Oresta alitupia macho kuta zote. Hakuna tundu lililofunguka. Hapakuwa na mtu nje.

Mama Salome alimkonyeza Oresta, na Oresta alihisi furaha ikimpanda hadi masikioni. Wangepita. Kisha Luoga akasimama mbele ya ukuta wa jiko, akaegesha sikio.

"Humu mna nini?"

"Nyuki, baba. Wasiouma."

"Nani aliwaruhusu?"

Palikuwa na uongo mwepesi sana hapo, umekaa kama kiti kilichovutwa tayari. Oresta angeweza kusema niliwaweka mimi, ni mapambo. Aliutazama ukuta aliouotesha. Alifikiri kwamba kama angeanza sasa kuifundisha nyumba hii karibu ya mdomoni, angeanzia kinywani mwake mwenyewe.

"Nyumba iliwaruhusu," alisema. "Kwa kosa langu. Niliifundisha neno baya, au tuseme neno zuri kuliko mimi." Akamweleza: mvua, mbuzi, hodi, benki, pumzi tatu. "Kwa hiyo inajua zaidi ya arobaini, Bwana Luoga. Inaamua nani amesimama nje. Hilo hatuliidhinishi kila linapotokea. Tuliliacha kwake."

Luoga alifunika kalamu yake. Hakuwa mtu mkatili, na uso wake ulionyesha kwamba alitamani asingeambiwa. "Dada yangu," alisema, "mwaka juzi nyumba moja ilimfungia mtu nje usiku mzima kwenye baridi kwa sababu iliamua. Sheria hii haikuandikwa kwa kuchukia nyumba." Akafungua begi lake, akatoa chupa kubwa. "Naomba radhi, Mama."

Mama Salome hakupiga kelele. Alijishika kifua tu, kama anayezuia kitu kisimwagike.

Luoga alienda kwenye kifuniko cha kiini, akapiga goti, akakamata pete ya chuma.

Ko, ko, ko.

Sauti ilitoka ukutani, mbele ya uso wake kabisa. Ilikuwa ndogo na ya upole, kama vidole vilivyokunjwa. Luoga aliangalia mlango. Hapakuwa na mtu. Oresta aliijua ile sauti. Ilikuwa yake. Ndivyo alivyougonga ukuta huu kutoka nje, mara mia na zaidi, Jumanne na Jumatano. Lakini hakuna aliyeifundisha nyumba kugonga. Wala hakuwa amewahi kufikiri kwamba nyumba nayo huweza kuwa imesimama nje ya kitu, inasubiri.

Ukuta ulinyamaza. Ulihesabu pumzi tatu.

Ko, ko, ko.

"Mama," Luoga alinong'ona, "nyumba yako inabisha hodi."

"Naisikia."

"Basi ijibu."

"Sijabishiwa mimi, baba. Iko mbele yako wewe."

Luoga alimtazama, akautazama ukuta. Unaweza kuwa mkaguzi miaka ishirini, ukawa na kadi inayofungua kila mlango wa mkoa, lakini kama ulilelewa na mama yako, kuna mambo yamekaa mwilini chini ya sheria zote. Mtoto akisikia hodi akanyamaza, alipigwa kofi la kisogo. Hodi mbili zilikuwa zimepita. Hodi ya tatu isipojibiwa mgeni huondoka, na aibu hubaki kwa mwenye kunyamaza.

Ko, ko, ko.

"Karibu," alisema Luoga. Lilimtoka kabla hajaliidhinisha.

Ukuta ukafunguka taratibu mbele yake, tundu la upana wa viganja viwili, na hewa ya joto ikatoka, nzito, yenye harufu ya maganda ya miwati na asali changa. Ilikwenda moja kwa moja kwenye mikono yake iliyopauka, ikabaki hapo. Haikufanya jambo jingine. Tangu alipoingia akipuliza vidole, nyumba ilikuwa imeona, nayo haikutaka kumgusa mgeni bila ruhusa.

Luoga aliacha pete ya chuma ili anyooshe mikono vizuri. Alikaa hivyo kitambo, amepiga goti, kama mtu anayeota moto. Nyuki walivuma.

"Sheria," alisema mwishowe, bila kugeuka, "inasema imetenda bila idhini."

"Ndiyo," Oresta alisema.

"Hii imeomba idhini. Mimi ndiye nimeitoa." Alifikiri. "Kitu kinachobisha hodi hakijaingia mwitu. Kitakuwa kimeingia wapi sijui, sheria haina jina lake. Nitaandika hivyohivyo. Idara watanicheka, au wataniita. Na nitarudi baada ya miezi sita kuiangalia, fundi, na utakuwepo."

"Nitakuwepo!"

Mama Salome alikuwa akilia na kucheka kwa pamoja, na alipoona chupa inarudi kwenye begi alienda ukutani akaupiga mabusu matatu, kisha akageuka akasema kwa sauti iliyoshusha abiria kwa miaka thelathini na mmoja: "Baba, karibu chai!"

Luoga alifungua kinywa kusema lile jibu la kila mtu, asante, nimekunywa nyumbani. Aliutazama ukuta.

"Nitakunywa," alisema.

Alikunywa vikombe viwili, akala viazi vitatu, akiwa ubavuni mwa Mwenyekiti, ambaye alikuwa amekuja, akasimama nje kwa muda unaostahili, akafunguliwa. Alipoaga, wote wawili walimsindikiza hadi barabarani, wakarudi. Oresta alianza kuosha vikombe, na moyo wake ulikuwa mwepesi kuliko alivyokumbuka tangu siku alipopanda mbegu ile.

Ndipo akaiona kofia ya ngozi juu ya kochi. Mbuzi alikuwa ameanza kuionja.

Kupitia dirishani alimwona Luoga anarudi kwa hatua ndefu, kichwa wazi. Alifika mlangoni, akatoa kadi mfukoni, akainyoosha hadi karibu iguse mwimo. Akasita. Akairudisha mfukoni, akarudi nyuma hatua mbili, akasimama na mikono kando.

"Hodi!" aliita.

Mama Salome, jikoni, alikuwa ameshafungua kinywa. Akakifunga, akatabasamu, akaendelea kufuta meza. Hodi ile haikuwa yake. Mlango ulikuwa tayari unafunguka.